Ruhusa ya Mwenye Shamba Haitoshi: Kwa Watafutaji wa Dhahabu na "Mali za Mjerumani" Tabora

Tangu kiangazi kianze, ofisi yetu imekuwa ikipokea malalamiko ya pande mbili. Wenye detekta, yaani mashine za kutambua metali ardhini, wanalalamika kwamba vijiji vilivyo jirani na manispaa vimewafungia mashamba na mapori waliyozoea kuzunguka mwisho wa wiki. Viongozi wa vijiji hivyo nao wanalalamikia mashimo. Kwa kuwa kila upande unataja "serikali" kuwa ndiyo iliyokataza, ni vema jambo hili likaelezwa.

Tunafahamu kwamba wengi wa watafutaji hawa si wahalifu. Ni walimu wastaafu, madereva, vijana wa maduka ya simu. Wanatoka Jumamosi asubuhi na mashine na jembe dogo, jioni wanarudi na vizibo vya soda na misumari ya reli. Hatuna ugomvi na burudani hiyo.

Hakuna sheria mpya iliyotungwa dhidi yenu. Kilichotokea ni kwamba vijiji vimechoka, na vimeanza kutumia mamlaka ambayo siku zote vilikuwa nayo. Mwezi uliopita nilionyeshwa shimo chini ya mwembe mkongwe. Kina chake kinazidi kimo cha mtu, mizizi ya upande mmoja imekatwa kwa shoka, udongo umemwagwa juu ya matuta ya viazi ya mama mmoja, na ndama wa jirani alishatumbukia humo. Waliochimba waliambiwa kwamba kovu kwenye gome la mti ule ni "alama ya Mjerumani". Ni kovu la tawi lililokatwa, na mtu yeyote aliyewahi kupogoa mwembe angelitambua.

Hapa naomba tuelewane kuhusu huyo Mjerumani. Ni kweli mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa amezingirwa na hana sarafu za kutosha, alifyatua fedha hapa hapa Tabora katika karakana ya reli. Ni kweli pia kwamba zilikuwemo za dhahabu: rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, uzito gramu 7 na ushei, dhahabu ikiwa imetoka mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa kama 16,000 hivi. Wabelgiji walipoingia mjini tarehe 19 Septemba 1916, majeshi ya Kijerumani ya Jenerali Wahle yalikuwa yanaondoka kwa miguu kuelekea kusini mashariki. Kutokana na hayo, watu wamejitungia masanduku yaliyozikwa chini ya kila mwembe kuanzia Kwihara hadi Ujiji. Sarafu hizo zililipwa, zikatumika, zikasafiri. Nyingi leo zimo kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Anayekuuzia ramani ya sanduku angekuwa amekwisha kulichimba mwenyewe. Na wanaouliza kama rupia halisi ya kale huvuta punje za mchele: haivuti. Swali hili tumelijibu mara nyingi mno.

Dhahabu ya asili ni habari nyingine. Nzega na Igunga ipo, na wachimbaji wadogo wanaishi kwayo.

Sasa kosa linalorudiwa kuliko yote: "Mimi nina ruhusa ya mwenye shamba." Ruhusa hiyo ni muhimu, lakini inakupa kukanyaga tu. Sheria ya Ardhi, Sura 113, inapotafsiri neno ardhi inayaondoa madini. Kwa hiyo mwenye shamba hawezi kukupa asicho nacho. Sheria ya Madini, Sura 123, inakataza mtu yeyote kutafuta au kuchimba madini bila leseni, na haisemi kwamba anayefanya kwa kujifurahisha amesamehewa. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania, inaombwa Tume ya Madini, na ukishaipata bado unatakiwa kuelewana na mwenye eneo.

Kwa vitu vya kale ipo Sheria ya Mambo ya Kale, Sura 333, ya mwaka 1964. Wajanja wameshaisoma na kugundua kwamba inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, hivyo wanasema rupia ya 1916 haiwahusu. Ndugu zangu, wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857 na kuukuta mji wa biashara ukiwa na nyumba zake. Ukizamisha sululu hapa Unyanyembe, eneo la Tabora ya kale, kutafuta cha 1916, hujui utavunja cha mwaka gani. Kuchimba kwa nia ya kutafuta mabaki ya kale kunahitaji leseni, na leseni hiyo hutolewa kwa wataalamu. Kwenye Tembe la Livingstone pale Kwihara usifike na detekta hata kwa utani. Makaburi, yawe ya watemi, ya Waarabu au ya babu yako mwenyewe, yamo kwenye Kanuni ya Adhabu, na hapo hatujadiliani.

Ukikamatwa, utaratibu ni huu. Mashine na zana zinachukuliwa kuwa vielelezo. Askari anajaza hati ya ukamataji mali, unasaini wewe na shahidi, kisha vinaingizwa kwenye rejista na kupewa namba. Vinakaa kituoni hadi shauri liishe; kuja kuviomba kila Jumatatu hakuharakishi kitu. Ukitiwa hatiani kuna faini, kifungo au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru vilivyokamatwa vitaifishwe. Tafadhali isome hati kabla ya kusaini.

Anayetaka kurudi kwenye eneo lililofungwa aanzie kwa mtendaji wa kijiji, kwa barua, siyo kwa mwenyekiti barabarani. Suala litapelekwa Halmashauri ya Kijiji; omba nakala ya muhtasari wenye muhuri. Pori likiwa la hifadhi ya misitu, kijiji hakina la kukupa: nenda TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Tunavishauri vijiji visipokee maombi ya mtu ambaye mashimo yake ya zamani bado yako wazi, kwa hiyo beba koleo ukafukie kwanza.

Na ukiokota kitu unachokidhania ni cha kale, hata kwa bahati wakati wa kulima, toa taarifa kwa ofisi ya wilaya, makumbusho au Idara ya Mambo ya Kale. Kiache kilipo, au kama kimeshatoka, kifunge kwenye kitambaa kikavu na uandike kilipopatikana. Usikisugue kwa limau na majivu kabla ya kukileta. Vingi vinatufikia vikiwa vinang'aa, na maandishi yake yameshafutika.