Haidrojeni ya Mbeya: asilimia 94 zilikotoka

Beseni la maji, silinda ya kioo iliyosimamishwa kichwa chini, na vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye elektrodi, yaani vijiti vinavyopitisha umeme kwenye maji. Ndicho kifaa walichotuletea maabara vijana wawili wa Uyole, pamoja na jibu lao: wanazalisha haidrojeni kutoka kwenye maji kwa ufanisi wa asilimia 94. Nashukuru walitia soda ya unga (si kinywaji) kwenye maji ili yapitishe umeme, na si chumvi ya mezani, ambayo ingewatolea klorini, gesi ya sumu.

Kupima ufanisi ni kuuliza nishati iliyoingia ni kiasi gani na iliyotoka ni kiasi gani. Ya kuingia haina shida. Chaja yao ilitoa volti 2 na ampea 1 kwa saa nzima, yaani wati-saa 2. Watu huteleza kwenye ya kutoka. Silinda ilisoma mililita 567 za gesi, nao wakatumia kanuni ya sekondari: moli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya gesi hujaza lita 24.

Lita 24 hizo ni za usawa wa bahari. Ukiwa Dar es Salaam zitakufaa. Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi, na presha ya hewa ni kama kilopaskali 82 badala ya 101. Ndiyo maana hata maharage yetu yanachelewa kuiva: maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Gesi isiyobanwa sana hutanuka, na mle ndani ya silinda imechanganyika na mvuke wa maji. Ukirekebisha yote mawili, haidrojeni yao ilikuwa gramu 0.0376. Kilo moja hubeba kilowati-saa 39.4, kwa hiyo walivuna wati-saa 1.48. Ufanisi wa kweli ni asilimia 74, na si haba.

Wangeweza kujishtukia wenyewe. Kwa kanuni ya Faraday, inayofunga kiasi cha gesi na kiasi cha umeme uliopita, ampea 1 kwa saa 1 haiwezi kutoa zaidi ya hizo gramu 0.0376, hata ufanyeje. Hesabu yao ilidai gramu 0.048.

Kwenye mitambo mikubwa mtego ni mwingine. Mtambo unaokula uniti 52 (yaani kilowati-saa 52) kwa kilo ya haidrojeni una ufanisi wa asilimia 76 ukihesabu na joto linalopatikana mvuke wa haidrojeni iliyoungua unaporudi kuwa maji. Usipolihesabu, kilo inabaki na kilowati-saa 33.3 na ufanisi ni asilimia 64. Mtambo ni uleule. Muuzaji akikutajia asilimia, muulize ametumia hesabu ipi kati ya hizo mbili, na kama uniti za pampu na kompresa zimo. Mimi huomba uniti kwa kilo tu.

Ukirudia jaribio hili nyumbani, usichukue presha kwenye programu ya hali ya hewa ya simu bila kuikagua. Nyingi huonyesha presha iliyorekebishwa kuwa ya usawa wa bahari. Ukisoma milibari 1015 (kilopaskali 101.5) ukiwa umesimama Mwanjelwa, hapa Mbeya, hiyo si ya Mwanjelwa.