Sanamu ya Askari: ikibaki, tunamuenzi nani?

Askari wa shaba aliyesimama kwenye kipilefti cha Mtaa wa Samora, Posta, Dar es Salaam, bayoneti ikielekea bandarini, nimesikia akiitwa mpigania uhuru, na wengine wakimwita shujaa wa Majimaji. Siye. Sanamu hiyo waliizindua Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo upande wao katika Vita Kuu ya 1914–1918.

Kazi yangu ni historia ya vita vya kikoloni, na mjadala wa sanamu ukiibuka huulizwa niko upande gani, wa kuing'oa au wa kuiacha. Swali hilo naliona finyu. Kuacha kitu kisimame ni jambo moja, kukivika heshima ni jambo jingine, na tumekuwa tukiyachanganya.

Kabla ya huyu askari, Dar es Salaam ilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza jeshi la Wajerumani kuuvunja upinzani wa pwani. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889 chini ya utawala wake. Sanamu hiyo ilimwonyesha Wissmann juu, na chini miguuni askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipouteka mji waliing'oa na kuipeleka kwao kama nyara, kisha ikarudi Ujerumani. Mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, wanafunzi wakaiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968, ikaishia stoo. Mwaka 2004 ilitolewa ikasimamishwa kwa muda bandarini Hamburg, watu waijadili waziwazi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi.

Sasa turudi kwetu. Mjukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) anaweza kusema: babu yangu alivuka mito na misitu akiwafukuza Wajerumani, na hiyo ndiyo alama pekee aliyoachiwa. Ana haki ya kusema hivyo. Lakini nenda Songea. Kule kila 27 Februari wanawakumbuka wazee wa Kingoni walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata viliua watu wanaokadiriwa kufika 300,000. Waliochoma maghala na mashamba wakati wa vita hivyo wengi walikuwa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani. Utasema askari wa Posta ni wa Mwingereza, si wale. Ni kweli, ila baadhi ya waliomtumikia Mjerumani waliingizwa baadaye KAR. Kwa hiyo mtu wa Songea asipotenganisha sare na sare, simlaumu. Katika familia nyingi za nchi hii mmoja alivaa sare na mwingine alichomewa nyumba.

Mfano unaonisaidia kufikiri uko Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikivamia pale Lugalo kikosi cha Emil von Zelewski, ofisa wa jeshi la Wajerumani, wakamuua yeye na wengi wa watu wake. Wajerumani baadaye wakajenga mnara wa kuwakumbuka wafu wao. Mnara upo hadi leo, hakuna aliyeubomoa. Wala hakuna anayedhani Uhehe inamheshimu Zelewski, kwa sababu jina la Lugalo tumelipa kambi ya jeshi letu kwa sifa ya Mkwawa. Jiwe limebaki la mshindwa, lakini heshima imekwenda kwa waliolinda ardhi yao.

Pale Posta hatujafanya kazi hiyo. Tena kuna jambo linaloniuma kuliko mengine yote. Maandishi ya sanamu yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lipi? Hakuna hata moja lililoandikwa. Waingereza walichukua wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo. Karibu 100,000 walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Kariakoo imepata jina lake kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo naikataa hoja ya kuibomoa, maana ikiondoka itaondoka pamoja na ushahidi wa ahadi isiyotimizwa. Nakataa pia kuiwekea mashada kama mnara wa mashujaa wa taifa, kana kwamba Songea haikuwepo. Ninachotaka ni ubao mkubwa kando yake, kwa Kiswahili kwanza, useme ni nani aliyeijenga na kwa nini, wapagazi ni akina nani, na askari wa aina hiyo walifanya nini wakati wa Majimaji, 1905 hadi 1907. Maneno yake yasiamuliwe na maofisa wa utalii peke yao. Wazee wa Songea na wa Kilwa waitwe, na wajukuu wa KAR waitwe, wakae meza moja hata wakigombana. Na kila jina la mpagazi linaloweza kuthibitishwa katika kumbukumbu za vita liandikwe hapo, bila cheo wala namba ya kikosi kulitangulia.