Je wajua kwa nini California wanapima uzito wa theluji kila mwezi wa nne?

Wengi wetu tukiona picha za theluji mlimani tunawaza baridi tu, lakini kwa mkulima wa California ile ndo maji yake ya kiangazi. Kule mvua ni za msimu wa baridi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa kunakauka kabisa, na ndo kipindi mashamba ya lozi na nyanya yanataka maji kuliko wakati wowote. Kinachowaokoa ni milima ya Sierra Nevada, theluji inarundikana huko miezi yote ya baridi halafu jua likikolea inayeyuka taratibu na kujaza mito na mabwawa, kama asilimia 30 ya maji ya jimbo zima.

Sasa wanajuaje kama mwaka huu yatatosha? Hapa ndo pananifurahisha. Kina peke yake kinadanganya, theluji mpya imejaa hewa, mita moja ukiiyeyusha unaweza kupata sentimita 10 tu za maji, ila ile iliyokaa miezi ikajishindilia kwa uzito wake inatoa hata 40. Kwa hiyo wanachukua bomba refu lenye meno mdomoni, wanalizungusha huku wanalididimiza mpaka liguse udongo, wanalichomoa na theluji yake ndani, wanalitundika kwenye mzani, wakitoa uzito wa bomba tupu wanajua maji ni kiasi gani. Bomba hilo alilibuni James Church, profesa wa Kilatini wa Chuo Kikuu cha Nevada, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mpaka leo linatumika hata kama satelaiti zipo.

Kipimo kinachosubiriwa ni cha Aprili 1, maana hapo kwa kawaida theluji haiongezeki tena. Mwaka 2015 gavana Jerry Brown alipanda hadi Phillips, kimoja cha vituo vya kupimia theluji huko Sierra Nevada, akasimama kwenye nyasi kavu, mahali ambapo kawaida theluji ingemfika mabegani! Jimbo zima lilikuwa na asilimia 5 tu ya wastani, siku hiyohiyo akaagiza matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. 2023 mambo yakageuka, theluji ikapita mara mbili ya wastani, na ziwa Tulare lililokauka zamani likarudi likameza mashamba.

Na joto likizidi, hata mwaka wa mvua nyingi unaweza kuwaumiza, kwa sababu inashuka mvua badala ya theluji na kukimbilia baharini Januari hukohuko, na mabwawa hayawezi kuizuia yote kwani lazima yaachiwe nafasi ya kupokea mafuriko.