Zeze si gitaa la kienyeji

Mteja mwingine amefika karakanani akitaka nimtengenezee "zeze, yaani lile gitaa la kienyeji". Nilimuuliza kama anataka la kusugua au la kudonoa, naye akanitazama kana kwamba ninamzungusha ili nipandishe bei.

Zeze la Wagogo wa Dodoma, ambalo marehemu Hukwe Zawose alilipiga hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, lina kibuyu kilichowambwa ngozi, na nyuzi zake husuguliwa kwa upinde. Likitafutiwa ndugu, basi ni fidla. Zeze la pili, linalojulikana pwani na ambalo jamaa zake wapo hadi Madagaska na Shelisheli, halina upinde wala ngozi: ni ufito bapa wenye vinundu karibu na ncha moja, ambapo vidole hubana uzi, na chini yake hufungwa kibuyu kilichokatwa mdomo.

Kibuyu hicho ndicho kinachonikosanisha na watu, kwa sababu hudhani ni pambo. Mpigaji huelekeza mdomo wa kibuyu kifuani pake; akiubana, sauti hufifia, na akiuachia nafasi kidogo, sauti hufunguka na rangi yake hubadilika, hata uzi uleule unapodonolewa kwa nguvu ileile. Kwa hiyo kifua nacho ni sehemu ya ala. Anayetaka nifunge mkanda wa begani ili zeze lining'inie tumboni kama gitaa ananiomba nimuuzie ufito.

Nikieleza tofauti za mazeze haya, wanakwaya hunijibu kwa Zaburi ya 150, ambamo Biblia ya Union Version imetaja zeze pamoja na filimbi. Ni kweli, lakini neno la Kiebrania lililo pale ni la nyuzi kwa jumla, na mfasiri alihitaji jina ambalo msikilizaji angelitambua, si vipimo vya fundi. Aya inayotangulia imetaja kinanda pia, na bado hakuna aliyeniagiza kinanda cha umeme cha Daudi.

Wataalamu huziweka ala hizi katika koo mbili tofauti kabisa. Kwa muundo wana haki, ila mimi nina mashaka na ukuta huo, kwani zote mbili huishi kwa kibuyu, na kibuyu kibovu huziharibu kwa namna moja. Mwenye oda aniambie kama atasugua au atadonoa. Kibuyu nitachagua mwenyewe.