Tindikali ya tumbo haimalizi bakteria wa taifodi

Hapa Moshi utamsikia mtu akinywa maji mabichi ya mfongo (mfereji wa asili wa Wachaga) huku akijipa moyo: "Tindikali ya tumbo itawamaliza." Inaua wengi, kweli, lakini si wote. Maji yakinywewa tumbo likiwa tupu hupita haraka, na wanaotumia omeprazole wana tindikali pungufu. Hao ndio wanaopaswa kuhofu kwanza.

Kosa kubwa ni kudhani bakteria anakaa tu akisubiri kufa. Salmonella Typhi, bakteria wa taifodi, ana protini iitwayo PhoQ kwenye utando wake wa ndani. Ikihisi tindikali au upungufu wa magnesiamu, hupitisha taarifa kwa protini mwenzake, PhoP, nayo huwasha jeni za kujihami. Akifika mwisho wa utumbo mwembamba, hutumia kifaa chenye umbo la sindano kuingiza protini zake ndani ya seli ya utumbo. Kiunzi cha seli hujipanga upya, utando hututumka na kumzingira. Yaani seli yenyewe ndiyo inayommeza. Baadaye huingia ndani ya makrofaji, seli za ulinzi, na humo tindikali ya kifuko alimofungiwa humpa ishara ya kuwasha sindano ya pili na kuzaliana. Ndiyo maana homa huchelewa, mara nyingi siku 8 hadi 14 (kumlaumu mama lishe wa jana ni kumwonea).

Maji yatokote dakika 1 nzima; juu ya mita 2,000, dakika 3. Yapoe kwenye chombo chenye mfuniko, na mkono usizame humo wakati wa kuchota.