Tochi ya mlimani

Jumamosi nilikuwa mgahawani hapa Moshi na kijana wa mwaka wa tatu, fizikia. Shikamoo haijapoa, akaniambia: “Mwalimu, miale ya gama ya blazari inabadilika ndani ya dakika, kwa hiyo inatoka jirani kabisa na shimo jeusi.” Gama ni nuru yenye nishati kubwa kuliko zote; blazari ni galaksi ambayo shimo jeusi la katikati yake hurusha mkondo wa chembe kuelekea kwetu, karibu kwa kasi ya nuru. Huyu ni wa nne mwaka huu kusema hivyo. Chai ilinipalia.

Hapana. Zidisha kasi ya nuru kwa muda wa mabadiliko, weka kigezo cha Doppler (kwa kuwa mkondo unatujia kasi), umepata kikomo cha ukubwa wa eneo linalowaka. Ukubwa, jamani! Usiku ukiona mwanga ukiwaka na kuzima upesi pale mlimani, unajua ni tochi, si msitu unaoungua. Aliyeishika yuko Mandara, huko chini, au amefika Kibo, huko juu? Hujui.

Wanaokimbilia shimoni wamechomeka dhana kimyakimya: kwamba eneo hilo limejaza upana wote wa mkondo. Mkondo ni mwembamba shinani, mpana huko mbele, basi kidogo lazima kiwe shinani. Nani kasema limejaza? Juni 2010 darubini za gama za MAGIC, kisiwani La Palma, ziliona blazari PKS 1222+216 ikiongeza mng'ao maradufu kwa dakika 10 hivi. Eneo dogo, sawa. Lakini kulikuwa na fotoni, yaani chembe za nuru, za hadi GeV 400 hivi (GeV ni kipimo cha nishati). Zingetoka ndani ya mawingu ya gesi yanayolizunguka shimo, zingegongana na fotoni za mwanga na kugeuka elektroni na pozitroni. Zimetufikia. Kwa hiyo ni kitu kidogo, na kiko mbali. Vijimkondo ndani ya mkondo? Misukosuko? Mimi mwenyewe hubadili mawazo.

Wala msiniambie tutazame picha. Kwa fotoni za GeV 1, ukungu wa picha za Fermi, darubini ya gama iliyo angani, ni karibu digrii moja, upana wa miezi mipevu miwili. Mkondo wote unamezwa humo.

Inayoninyima usingizi ni M87, galaksi nyingine yenye mkondo. Mwaka 2005 gama ilipanda wakati HST-1, fundo la mkondo wake lililo zaidi ya miaka-nuru 200 kutoka shimoni, linawaka kwa eksirei. Mwaka 2008 ikapanda pamoja na kiini cha redio, yaani shina la mkondo linaloonekana kwa mawimbi ya redio, karibu na shimo, nikadhani yamekwisha. Mwaka 2010 ikapanda tena, kiini cha redio kikakaa kimya.

“Sasa ni wapi, Mwalimu?”

Nikamuuliza: mlipuko upi?