Fyuzi ya joto kwenye mashine ya kukausha nguo: ni nini, na kwa nini delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) huiua

Fyuzi ya joto ni kifaa kidogo, kifupi kuliko kidole, kinachofungwa ndani ya mashine ya kukausha nguo ili kikate umeme joto likipita kiwango kilichowekwa. Ikishakata, imekata moja kwa moja; hairudi hata mashine ikipoa. Haifanani kazi na fyuzi za kwenye kikasha cha umeme cha nyumbani, ambazo hukata mkondo ukizidi. Hii ya joto inaweza kupitisha ampea kumi kutwa nzima bila neno, mradi hewa inayoizunguka haijazidi moto.

Wengi huichanganya na thamostati. Thamostati hukata hita na kuiwasha tena, tena na tena, ili nguo zipate joto lilelile mpaka zikauke. Fyuzi ya joto haishughuliki na nguo hata kidogo. Inangoja siku ambayo thamostati imegoma au hewa imeziba, ndipo ifanye kazi yake, mara moja tu maishani mwake.

Kuna za namna mbili. Baadhi zina kidonge kigumu kinachobana springi: joto likifika kiwango, kidonge kinayeyuka, springi inajiachia na ncha mbili zinaachana. Nyingine zina kisahani cha metali mbili zilizoshikamana, kila moja ikitanuka kwa kiasi chake. Joto likitosha, kisahani kinapinduka ghafla na kubaki vile. Katika mashine nyingi za Marekani, ile ya kwenye njia ya feni hukata karibu na nyuzi 91 za Selsiasi, na ile iliyo jirani na hita karibu na nyuzi 178.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mvua huanza Septemba ikaenda mpaka Mei, na nguo za mtoto mchanga zinaweza kukaa kwenye kamba siku nzima zikashinda mbichi. Kwa hiyo mashine hizi zimeingia kwenye presingi (maduka ya kufulia nguo), kwenye hoteli na kwenye baadhi ya nyumba za mtaa wa Ibanda, nyingi zikiwa za okazio, yaani zilizokwisha kutumika. Umeme wetu nao unatoka kwenye mabwawa ya Ruzizi, pale maji ya Ziwa Kivu yanapotoka kuelekea Tanganyika. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa ziwani huteremka ikaziba mitambo, na mji unaingia gizani. Hiyo ni juu ya delestaji tuliyoizoea. Hapo ndipo fyuzi ya joto inapoteseka kwa namna ambayo kitabu cha mashine hakikuifikiria sana.

Fuata hewa uone. Hita ya wati 2200 inawaka, feni inavuta hewa kuipitisha juu yake, hewa inabeba joto kwenda kwenye nguo. Umeme unakatika ghafla. Ngoma inasimama na feni inasimama, lakini nyaya za hita bado ni nyekundu. Joto lililomo halina tena hewa ya kulichukua. Linabaki kwenye kasha la hita na kupanda, palepale fyuzi ilipofungwa. Mashine ikiwa safi, mara nyingi inanusurika. Ikiwa bomba la hewa limeziba nusu kwa nyuzinyuzi za nguo, joto lilikuwa tayari karibu na mpaka, na hiyo nyongeza ya dakika chache inatosha kuimaliza. Katika mashine nyingi, dakika za mwisho za mzunguko feni hupuliza bila hita, na joto hilo hupata kutoka. Anayezima mashine katikati ili awahi safari anaifanyia kile ambacho delestaji huifanyia.

Umeme ukirudi jioni, mama anabonyeza kitufe, ngoma inazunguka vizuri, ila nguo zinatoka baridi na mbichi. Anamwita fundi: «Fundi, umeme ulirudi na nguvu, umeniunguzia mashine.» Inawezekana. Lakini umeme ukirudi na nguvu, mara nyingi unaunguza bodi ya elektroniki, na hapo hata taa haziwaki. Ngoma kuzunguka bila joto kunaonyesha njia ya hita: fyuzi ya joto, thamostati, au hita yenyewe. Kuna mashine nyingine ambazo fyuzi imefungwa kwenye njia ya mota. Hizo, fyuzi ikikata, ngoma haizunguki kabisa, ingawa taa inaweza kuwaka.

Volti ndogo ni kisa kingine, na watu huilaumu mashine bure. Joto la hita hufuata mraba wa volti. Hita ya wati 2200 kwa volti 220 ina ukinzani wa ohmu 22. Volti zikishuka hadi 180, inatoa karibu wati 1470 tu. Thuluthi moja ya joto imepotea na hakuna kilichoharibika. Pima volti ukutani mashine ikiwa kazini, kabla hujafungua skrubu hata moja.

Kuipima fyuzi si kazi ngumu, ila anza kwa kuchomoa plagi ukutani. Usitegemee kitufe cha kuzimia, wala usiseme «umeme si umekatika?», kwa sababu unaweza kurudi mkono wako ukiwa ndani. Ngoja ipoe. Fungua kifuniko, kwa kawaida cha nyuma, utafute kasha la hita na njia ya feni. Fyuzi ina waya mbili. Toa angalau moja, la sivyo mita inaweza kusoma njia nyingine ikakudanganya. Weka multimita, yaani mita ya kupimia umeme, kwenye ohmu au kwenye mlio. Ikilia, au ikisoma karibu na sifuri, fyuzi ni nzima. Ikinyamaza na kuonyesha 1 upande wa kushoto au herufi OL, imekufa. Ukiwa hapohapo pima na hita: ya wati 2200 isome karibu na ohmu 22. Halafu weka ncha moja kwenye hita na nyingine kwenye bati la kasha. Hapo hapatakiwi kusoma kitu. Ikisoma, waya wa hita umelegea ukagusa bati, na mashine hiyo isirudishwe kwenye umeme kabla hita haijabadilishwa.

Katika mashine kadhaa za Ulaya, kinga ya pili dhidi ya joto ina kitufe kidogo ambacho hubonyezwa kikarudi. Kitafute karibu na hita kabla ya kutumia pesa.

Na tafadhali, asikwambie mtu «tupige direkti», yaani aunganishe waya mbili pamoja na kuiruka fyuzi. Mashine itawaka, nguo zitakauka, na mteja atalipa akiwa na furaha. Lakini kilichosababisha fyuzi kukata bado kimo ndani, na zile nyuzinyuzi za pamba zilizolala nyuma ya ngoma hushika moto upesi. Shirika la NFPA la Marekani, linalofuatilia mioto ya majumbani, limetaja kutosafisha kuwa sababu inayoongoza ya moto wa mashine hizi. Nyumba zetu zimebanana mlimani, nyingine za mbao. Moto wa nyumba moja ni wa mtaa. Kwa hiyo kila fyuzi iliyokata idai swali lake: chujio lilisafishwa lini, bomba limepinda wapi, thamostati bado inakata?

Neno kwa wanaojifunza kwa video za Marekani kwenye simu: mashine za kule hutumia nyaya mbili za volti 120 ambazo kwa pamoja zinatoa 240, na mara nyingi mota inakula 120 peke yake. Wakikwambia ngoma inazunguka bila joto kwa sababu waya mmoja umekosa umeme, kwao ni kweli. Kwetu, kwa mashine ya volti 220 ya laini moja, laini ikikosekana hakuna kitakachozunguka.

Ukienda kununua fyuzi mpya, beba ya zamani mkononi. Juu yake kumeandikwa nyuzi za joto, volti na ampea. Vyote vitatu vilingane, na hasa joto. Yenye kiwango cha juu zaidi itachelewa kukata, yenye cha chini itakata bure. Ifunge kwa klipu zake au kwa kubana. Usiichomee kwa risasi ya kuunganishia waya, kwa kuwa joto la chuma cha kuchomelea linaweza kuiua kabla haijaingia kwenye mashine.